Mhadhara wa Profesa wa Kujitawaza

Mabibi na mabwana, kaeni. Wa nyuma sogeeni, hekima yangu haina kipaza sauti. Mbele yenu yuko mtaalamu wa kwanza, na kwa maoni yangu wa mwisho, wa maadili ya utafiti wa mtandaoni. Uprofesa nilijitunuku mwenyewe. Kamati ilikuwa ya mtu mmoja na hakukuwa na ubishi.

Kanuni kuu: kilichoko mtandaoni ni cha wote. Jirani akianika kanga, si anataka isomwe? Basi isome, ipige picha, ipeleke kwenye kongamano. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walimwaga hadharani taarifa za watu karibu 70,000 wa OkCupid, mtandao wa kutafuta wapenzi, pamoja na majibu yao ya mambo ya chumbani. Utetezi wao? Zilikuwa hadharani tayari! Wenye wivu walipiga kelele. Mimi nilipiga saluti.

Ridhaa? Jifunzeni kwa Facebook. Januari 2012, kwa wiki moja, walichezea habari walizoonyeshwa watu katika jaribio la watumiaji 689,003, waone kama huzuni huambukiza. Hakuna aliyeulizwa. Ripoti ilipotoka mwaka 2014 ikasema walikwisha kukubali masharti walipofungua akaunti. Masharti yale marefu, ambayo nashuku hata aliyeyaandika hakuyamaliza.

Kuficha majina nako ni kazi nyepesi. Mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya AOL ilianika utafutaji milioni 20 wa watu wapatao 650,000, majina yakageuzwa namba. Siku hazikupita nyingi, waandishi wa New York Times wakambaini bibi mmoja mjane: alikuwa ametafuta watu wa ukoo wake na mafundi wa bustani wa mji wake. Kosa ni la bibi. Nani alimtuma awe na ukoo?

Mimi nimeboresha. Nilipochunguza kundi la WhatsApp la ukoo wetu, mada ikiwa michango ya harusi, shangazi nilimwita “Bi S., muuza maandazi pekee jirani na msikiti, mwenye jino la dhahabu, aliyeahidi laki tano akatoa elfu kumi.” Mtaa ulimjua kabla ya kufika ukurasa wa pili. Nikatolewa kwenye kundi, na pilau nikaisikia harufu tu. Madhara anayoyapata mtafiti, ndugu zangu, hayajadiliwi vya kutosha!

Haya, fomu za ridhaa zinapita. Sainini taratibu, msiharakishe. Data nilikwisha kuikusanya pale mlangoni, mlipogombania ile waifai ya bure.