Muulize Shangazi Hisa

*Shikamoo Shangazi. Nilinunua hisa za kampuni inayotafuta dhahabu kwa senti 20, sasa ziko senti 90. Mume wangu kutwa ni "uza, uza." Nami nikikumbuka kodi ya hapa Kanada, mkono unakuwa mzito. Nifanyeje?*
Mama Dhahabu, Toronto

Marahaba, mwanangu. Serikali haigusi kitu mpaka uuze, na ukiuza, ni nusu tu ya faida inayoongezwa kwenye kipato chako ikatozwa kodi. Kama bado hulali, tulia: hisa zikirudi senti 20, kodi itaisha yenyewe. Waulize waliong'ang'ania hisa za Bre-X, kampuni ya dhahabu ya Calgary, mpaka mwisho. Sampuli zake za miamba kutoka Busang, Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu ya kwingine. Siri ilipofichuka mwaka 1997, hisa zikawa makaratasi. Hao hakuna aliyewadai kodi ya faida. Msikilize mumeo, walau kwa nusu ya hisa.

*Shangazi, Novemba niliuza hisa za shaba kwa hasara ya dola 3,000, ili niikate kwenye faida ya hisa nyingine. Siku kumi baadaye mke wangu akanunua zilezile, idadi ileile, kwa akaunti yake. Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani. Kosa liko wapi?*
Mjanja wa Calgary

Kosa liko kwenye ndoa, baba. Sheria inahesabu siku 30 kabla ya kuuza na 30 baada yake. Wewe au mwenzi wako akizinunua ndani ya siku hizo, na bado mnazo kipindi kikiisha, huruhusiwi kudai hasara. Lakini haijapotea: inaongezwa kwenye gharama ya hisa za mkeo, imfae yeye siku atakapouza. Hongera, umemzawadia mkeo hasara ya dola 3,000. Mwambie wewe kabla mhasibu hajamwambia.

*Shangazi, hisa zangu za lithiamu zimefia ndani ya akaunti ya akiba isiyotozwa kodi. Nidai hasara?*
Mnyonge, Ottawa

Hapana. Mle serikali haidai kitu kwenye harusi, na haichangi kitu kwenye matanga. Hata nafasi ya kuweka fedha uliyoitumia hairudi. Hisa za "nasikia wanasema" ziweke nje, na kila ununuapo andika tarehe, bei na ada ya dalali. Ikifika 30 Aprili, mwisho wa kuwasilisha hesabu za kodi, "sikumbuki" si hesabu.