Chemba ya Mama Salma

Jumamosi moja ya masika nilikuwa nimebandika chai, maji ya bafuni yakaanza kurudi. Yalibubujika na povu la sabuni ya jana, pamoja na kitu kingine ambacho sitakitaja maana huenda msomaji yuko mezani. Nikamwita mume wangu. Akachungulia, akashika kiuno. "Chemba imejaa. Na chemba iko kwa Mama Salma."

Mama Salma ni mtalaka wake. Walipoachana, nyumba hii ya vyumba sita hapa Chanika hawakuiuza. Walikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi wanne, wakaandikiana: vyumba vitatu vya mbele vya mama, vitatu vya nyuma vya baba, uani upite ukuta. Karatasi ina mhuri, na dole gumba la shangazi. Mabomba hakuna aliyeyakumbuka. Ukuta ulipopita, luku ikaangukia kwetu, chemba na tangi la maji vikaangukia kwake. Mimi nilikuja baadaye na vyombo vyangu na zulia, nikijua naingia nyumba ya mume wangu.

Mama Salma hakai pale, amepangisha. Mpangaji wake, kijana wa bodaboda, aligoma kufungua geti mpaka mwenye nyumba aseme.

"Mwenye nyumba yupi?" mume wangu akafoka, kisha akanyamaza mwenyewe.

Ikabidi apigiwe. Alifika saa nne na daftari kwapani, gari la majitaka likiwa limeshaegeshwa na dereva anauliza nani analipa. Mama Salma hakujibu. Alilowesha kidole, akafunua kurasa. Saruji mifuko kumi na minne, tarehe hii. Kokoto tripu mbili, tarehe hii. "Kuchimba chemba: pesa zangu za upatu, Salma yuko tumboni, miezi minane."

"Kwa hiyo ni yako, lipa," mume wangu akasema.

"Kuchimba nilichimba. Kujaza mnajaza nyinyi. Mko saba humo ndani, mpangaji wangu anashinda barabarani."

Hata mimi niliona hapo hana kosa. Tukalipa theluthi mbili, yeye theluthi moja.

Mpira ukinguruma nje, nilimkaribisha jikoni. Ukarimu wenyewe ulikuwa nusu, nusu nilitaka aone marumaru. Akaona.

"Nani kaweka?"

"Mimi, dada. Na dari, na choo cha ndani."

"Risiti ziko wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mdogo wangu, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nakijua kama Alhamdu. Mali aliyokuja nayo mwenzio, ukiiendeleza kwa kiasi cha maana mkiwa kwenye ndoa, inaingia kwenye mgawanyo. Lakini uonyeshe ulichoendeleza."

"Na kupika na kulea?"

"Vinahesabiwa. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ila Bi Hawa mwenyewe katika kesi ile hakuondoka na kitu. Hakimu hajala wali wako, anataka karatasi."

Akamaliza chai, akasifu vitumbua, akaondoka na daftari lake. Nilimsindikiza mpaka getini. Geti lake.

Usiku, mume wangu akikoroma, nilipekua kabati, mikoba, hata kopo la maziwa ya unga ninamoweka vifungo. Risiti ya dari sikuiona. Ya choo sikuwahi kupewa, fundi alichukua mkononi. Ya marumaru niliipata chini ya kabati, imekunjwa mara nne kuzuia mguu usitikisike. Nikaikunjua taratibu chini ya taa ya simu: boksi ishirini na mbili, gundi mifuko sita, imelipwa taslimu. Juu, kwa wino wa bluu, jina la mume wangu, kwa kuwa pesa zilikuwa zangu ila dukani nilimtuma yeye.