Mbwa wa Ulinzi Anaitwa Biskuti

Mwenzenu nafuga mbwa. Yaani nilitaka mbwa wa ulinzi. Huku kwetu Tabata wezi wamezidi jamani. Wamebeba ndoo, wamebeba pampu ya maji ya jirani, wamebeba mpaka suruali yangu ya kazini ikiwa bado inachuruzika kwenye kamba. Nikasema basi, imetosha, naleta mbwa wa kutisha. Jina nilishaliandaa: Komando. Nikaingia ndani na katoto kenyewe kwenye boksi la sabuni, binti yangu akakachungulia, akasema, "Baba, kana rangi ya biskuti." Mama yake akacheka. Ikawa imeisha hiyo.

Sasa jaribu wewe kumwita mbwa huyo mbele ya duka. "Biskuti! Biskuti njoo!" Mangi anatoa kichwa dirishani: "Za shilingi ngapi, mzee?" Siku nyingine nakuta ameshazifunga kwenye mfuko. Nalipa. Nitafanyaje?

Halafu akaja daktari wa mifugo na masharti yake. Mimi nilidhani mbwa unamfunga kamba, unamtupia ugali, usiku anabweka, mnaishi. Kumbe. Mbwa mtoto, daktari anasema, uwezo wake wa kubana mkojo ni kama saa moja kwa kila mwezi wa umri. Wa miezi miwili ni saa mbili hizo, ukizidisha shauri lako na zulia lako. Atolewe nje akiamka, akishakula, akishacheza, na usiku pia. Apelekwe sehemu ileile kila mara, harufu imkumbushe. Akikojoa ndani usimpige, wala usimsugue pua kwenye mkojo, kwa sababu hajui anaadhibiwa kwa lipi. Atajifunza tu kukojoa kwa kujificha, nyuma ya kochi huko. Akikojoa nje, msifie palepale. Ukichelewa kidogo tu, hajui tena unamsifia kwa lipi.

Nikauliza, kwa hiyo usiku atamtoa nani? Daktari akaniangalia. Mke wangu akaniangalia. Binti akaniangalia. Mbwa naye akaniangalia.

Ndiyo maana usiku wa manane mwenzenu niko nje ya geti, chini ya mwarobaini, nimejifunga khanga ya mama watoto. Suruali si nimeshasema ilikwenda. Mbu wananila miguu. Nimechuchumaa. Nabembeleza. "Kojoa baba. Kojoa tukalale. Kidogo tu." Biskuti ananusa jani. Anahamia jani la pili. Analirudia la kwanza. Mara tochi usoni, pwaa! Vijana wa ulinzi shirikishi, na marungu yao.

"Mzee, unaongea na nani hapo?"

"Na Biskuti."

Kimya. Mmoja akanipa shikamoo, ile shikamoo ya kumpa mtu ambaye familia yake inatakiwa kujulishwa. Na wewe unajua kilichofuata. Biskuti akachagua sekunde hiyohiyo. Akachutama, akakojoa, mkojo mrefu, mkojo wa heshima. Na mimi nimeambiwa palepale. Nikichelewa, wiki nzima imekwenda na maji. Nikafumba macho, nikapiga makofi na khanga yangu kiunoni: "Safiii! Mtoto mzuri! Mtoto mzuri wa baba!"

Sasa hivi siwezi kupita kijiwe cha bodaboda. Nikitokea tu kona ya kwanza wanaanza: "Safiii! Mtoto mzuri!" Mmoja amekwenda mbali zaidi. Nikimlipa nauli kamili ananipigapiga begani.

Kurukia watu nako ni kesi. Biskuti anampenda kila binadamu, na hasa aliyevaa nyeupe. Mzee wa nyumba ya pili anatoka Ijumaa na kanzu imepigwa pasi mpaka inakata upepo, Biskuti huyo, miguu miwili ya tope kifuani, ulimi mkononi. Yule mzee hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Alisema tu, "Haya," akarudi ndani kujiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na mimi nyuma yake nabeba ndoo ya maji. Hotuba ilimpita.

Daktari akasema dawa ya kurukia ni ndogo. Usimpigie kelele, usimsukume, maana kelele na kusukumwa kwake ni mchezo. Mgeuzie mgongo, kunja mikono, usimtazame mpaka miguu yote minne iguse chini, hapo ndipo umsalimie. Na wote nyumbani mfanye hivyo hivyo. Nikafanya. Nimesimama uani, mgongo nimempa Biskuti, mikono nimekunja, nimekaza macho ukutani. Kumbe mwenye nyumba ameingia getini, amekuja kuulizia kodi. Anaita, simjibu, nadhani ni mtihani. Anakuja upande huu, nageuka upande ule. Siku hizi anasema mpangaji wake ana jeuri.

Twende kwenye amri. Hapa ndipo waliponimaliza kabisa. Mimi namwambia mbwa "kaa". Mke wangu anamwambia "keti". Binti, kwa sababu ya shule yao ya magari ya njano, "siti". Mama mkwe akija ni "shika adabu wewe", na hatujui anamwambia nani. Daktari akasema mbwa atachanganyikiwa, chagueni neno moja, fupi, nyumba nzima ilitumie. Tukapiga kura sebuleni. Siti ikashinda. Mimi neno langu halikupata hata kura ya mbwa. Kwa hiyo leo hii, mbwa wangu, ugali wangu, geti langu (geti la mwenye nyumba, sawa), lakini kumwamrisha mpaka niongee Kiingereza. Kiingereza mimi na yeye tuliachana kwa amani kidato cha pili. Na hili pengo la meno ya mbele linaniharibia, neno linatoka vingine, binti anaziba masikio ya bibi yake.

Kumfundisha kwenyewe, angalia. Unashika dagaa mmoja mkavu. Unamwekea karibu na pua. Unampandisha dagaa polepole juu ya kichwa, unampeleka nyuma kidogo. Pua inamfuata dagaa juu, matako yanashuka yenyewe chini. Yakigusa tu sakafu unasema neno, unampa dagaa. Dakika chache, mnapumzika, mnarudia baadaye. Kwa binti yangu alikaa siku hiyohiyo. Kwangu ananusa mfuko kwanza. Dagaa wakiwemo, anakaa. Wakiisha, anakwenda zake.

Basi natembea na dagaa mfukoni. Kazini, kwenye daladala, kanisani. Wiki iliyopita dada mmoja kwenye daladala alifungua dirisha, akanitazama, akaongeza la pili. Na paka! Paka wa mtaa mzima wananisindikiza kutoka kituoni hadi nyumbani kwa mstari. Mtu mzima napita na msafara, vijiweni wanasimama kupisha.

Chakula sasa. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, kibichi au kilichopikwa. Zabibu ni sumu. Chokoleti ni sumu. Hizo mbili hazinipi presha, kwangu hazijawahi kuvuka kizingiti. Lakini kitunguu! Maana yake utumbo unachemshwa bila kitunguu, Biskuti anapakuliwa kwanza, mnofu mnofu, halafu ndipo kitunguu kinaingia na sisi tunapewa kilichobaki, yaani mchuzi na kumbukumbu. Mifupa ya kuku nilidhani itakuwa yake, tugawane umaskini. Hapana. Ya kupikwa inapasuka vipande vyenye ncha, inachana matumbo. Kwa hiyo nyama ale yeye, mifupa nitafune mimi.

Jirani yetu mwalimu mstaafu akanisimulia habari za Mrusi mmoja, Pavlov, aliyepata Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza jinsi chakula kinavyosagwa tumboni. Mbwa wake, anasema, walianza kudondosha udenda hata kabla chakula hakijafika, wakiona tu dalili kwamba kinakuja. Nikamwambia mwalimu, hiyo zawadi ilipita mlango usio wake. Jikoni kwangu sufuria la Biskuti likigongwa mwiko, mate yananijaa mimi. Biskuti mwenyewe amelala kifudifudi, anasubiri aletewe.

Alipofikisha miezi mitatu tukaenda kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, na hiyo inarudiwa kila mwaka. Ilikuwa tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mhudumu akasema siku hiyo imechaguliwa kwa sababu ndiyo aliyofariki Louis Pasteur, yule Mfaransa wa chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo. Nikampa pole, nikaulizia msiba uko wapi. Akanitazama. "Mzee, alifariki 1895." Foleni nzima ikageuka. Hata mbwa waligeuka.

Akaendelea kuongea, kwa sauti ya polepole sasa, ile ya kuongea na mimi. Ukiumwa na mbwa usikimbilie pilipili wala mafuta ya taa. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, halafu nenda hospitali ukachomwe, maana kichaa kikishaanza kuonyesha dalili, mtu haponi. Hapo sikuwa na la kuchekesha. Nikaitikia kwa kichwa, nikamshika Biskuti shingoni vizuri, sindano ikaingia. Biskuti hakushtuka. Mimi nilipewa kiti.

Zikaja kadi. Jina la mbwa: Biskuti. Rangi: biskuti. Mmiliki: binti yangu akawahi kujibu, akataja jina la mama yake, likaandikwa kwa wino na kugongwa muhuri. Nikamwambia mhudumu, samahani, mimi je? Akageuza kadi, akatafuta nafasi, akaandika pembeni kwa penseli: "aliyemleta". Akaniambia dawa ya minyoo ni kila miezi mitatu, nisisahau. Nikauliza, yangu au ya mbwa?

"Leteni wote," akasema, na kuita anayefuata.