Jela ya Mchicha

Sisi wa Rulenge tunajua vilima, migomba na tope. Bahari tunaisikia kwa waliokwenda. Ndiyo maana nilipanda mashua ya kwenda Changuu nikiwa na viatu vya ngozi, vile vya misa ya Jumapili. Karibu na ufuko nahodha akazima injini: "Haya, shukeni." Maji magotini! Viatu nikavivaa shingoni kama rozari.

Changuu ndicho wanachokiita Kisiwa cha Jela. Gereza lake lilijengwa mwaka 1893, na halikuwahi kufunga mhalifu hata mmoja. Waingereza waliligeuza karantini ya abiria wa meli, wakihofia homa ya manjano. Nilijipiga picha mlangoni nimenuna, nifanane na mfungwa.

Kisha nikaenda kwa kobe, wale wakubwa wa Aldabra, waliotoka Shelisheli mwaka 1919 wakiwa zawadi. Wamechorwa namba za rangi magambani, ndiyo miaka yao. Nikiwa namlisha mmoja mchicha, mwenzake akaja taratibu, akapanda kiatu nilichokianika, akatulia. Nilimsukuma. Ni afadhali kusukuma kabati la sakristia.

Nikaona nitumie muda huo kumwandikia mama: "Shikamoo mama. Niko Kisiwa cha Jela. Humu kuna wazee wamepita miaka mia, chakula chao mchicha tu. Mmoja amenikanyagia kiatu, kutoka siwezi." Simu ikazima chaji.

Mzee aliondoka baada ya nusu saa. Kiatu kilikuwa chapati.

Usiku nilipowasha simu, ujumbe ulimiminika kama mvua ya masika. Kumbe mama alisomewa na mdogo wangu, ambaye tangu shule ya msingi husoma kwa kuruka maneno, na hilo "Kisiwa cha" aliliruka. Jumuiya ilikuwa imeshakusanyika kusali. Baba mdogo alikuwa ameuza mbuzi wa mama ili nipatiwe dhamana, na kaka alikuwa stendi ya Ngara akiulizia basi la alfajiri.

Nikapiga.

"Mwanangu, wamekuachia?"

"Mama, sikufungwa. Wale wazee ni kobe."

Kimya. Nikasikia mtu akikatiza sala katikati ya Salamu Maria.

"Kobe," mama akasema polepole. "Na mbuzi wangu?"