Naomba Nisajiliwe Kuwa Mtambo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Barabara ya Cathedral,
Nairobi.

Kupitia kwa: Chifu msaidizi, ambaye amesema hataki kuhusishwa.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUBADILISHIWA CHEO

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii huku Igembe, nyuma ya Maua, mmoja wa wale zaidi ya 100,000 ambao mpango wao ulizinduliwa na Rais tarehe 25 Septemba 2023. Tulipewa mkoba na simu. Ndani ya mkoba mlikuwa na kipima presha, kipima sukari, kipimajoto na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Ndani ya simu mlikuwa na maswali.

Nasikia sasa inakuja akili bandia. Mkakati wa taifa wa akili bandia, wa 2025 hadi 2030, ulizinduliwa tarehe 27 Machi 2025, na wenzangu wengine wameanza kukosa usingizi wakisema mashine itawafuta kazi. Mimi nalala vizuri. Anayefutwa ni aliyeandikwa, na mimi hakuna aliyewahi kuniandika. Ninajitolea. Kwa hiyo siji kulia mashine isiletwe. Ombi langu ni dogo: na mimi nisajiliwe kuwa mtambo.

Wazo hili lilinijia kwenye semina. Shirika fulani, ambalo sitalitaja kwa kuwa soda yao niliinywa, lilitukusanya kwenye ukumbi wa kanisa. Kijana mmoja mpole akatuonyesha picha ukutani. Akasema mashine itasikiliza kikohozi cha mtoto na kukitambua, itaandika ripoti yenyewe, na haitachoka. Mama mmoja wa upande wa Mutuati akainua mkono: "Kijana wangu, hiyo inakula nini?" Tukacheka. Kijana hakucheka, akajibu vizuri kabisa: inahitaji umeme wa uhakika, intaneti ya uhakika, leseni ya kila mwaka, fundi na bima.

Ukumbi ukanyamaza. Nikahesabu kwa vidole. Umeme, intaneti, leseni, fundi, bima. Mkono mzima, na hata kidole kimoja si changu. Simu naichajisha dukani kwa shilingi 20.

Tuje kwenye pesa, maana najua ofisi yako haipendi barua ndefu. Posho yetu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Nikiwa na nyumba 100, hiyo ni shilingi 50 kwa nyumba: maandazi matano, bila chai. Kote nchini wahamasishaji wamelalamika kwamba nusu moja hufika wakati nyingine bado inatafuta njia. Sasa jaribuni kumwambia mwenye seva avumilie mpaka bajeti ipite. Mtambo utazimika kabla ya chakula cha mchana. Mtambo haujui uzalendo, na ndiyo maana unaheshimika.

Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kupanga maandishi machafu ili mashine ya OpenAI ijifunze adabu. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa, dunia ikashtuka, na ilistahili kushtuka. Mimi nikachukua kalamu. Nikifanya saa 80 kwa mwezi, na hizo ni chache, napata shilingi 62 na senti kwa saa. Kama nusu dola. Niliwaonea vijana wale huruma, kisha nikawaonea wivu, halafu nikaona haya kwa yote mawili.

Usinione mshamba, Mheshimiwa. Habari za mashine nazifuatilia. Najua kwamba mwaka 2025, katika zahanati 15 za Penda Health huko Nairobi, walijaribu mashine inayomnong'oneza mhudumu anapokaribia kukosea. Katika karibu ziara 40,000 za wagonjwa, makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Hilo ni jambo jema. Lakini aliyenong'onezewa alikuwa kitini, mbele ya mgonjwa aliyekwisha kufika, na ana mshahara. Mashine haikumtoa mgonjwa kitandani Igembe.

Nikuambie kuhusu mtoto wa wiki iliyopita. Miezi saba, anakohoa. Kanuni unaijua: wa umri huo akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, ni hatari. Nikamwinulia nguo, nikaanza kuhesabu kifua. Baba yake amekaa pembeni na kibunda chake cha miraa, shavu limejaa, akaniuliza kama simu ile ya serikali ina M-Pesa. Nikapoteza hesabu kwenye 37. Nikaanza upya. Hamsini na mbili. Simu ikasema mtoto apewe rufaa, na ilisema kweli. Baba naye akasema watakwenda kesho, leo kuna watu wa kuvuna. Nikatoka nje, nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni mwao kama mdai wa mkopo. Kila jirani aliyepita alinisalimu na kuuliza kuna nini, nami nilimjibu kwa sauti ya kutosha. Haikufika nusu saa, boda boda ikaitwa. Jioni simu yangu iliandika: rufaa, ndiyo.

Kijana wa semina alisema pia mashine itajua Kimeru. Kimeru kipi? Mimi nimezaliwa Kyeni, kule Embu, nikaolewa huku, na mama mkwe alinicheka miaka mitatu kila nilipofungua mdomo. Kiigembe si Kiimenti, na Kiembu changu huku kilikuwa kama kuku mgeni. Mama mkwe alinifundisha bure, kwa dharau na viazi. Mashine itakayofunzwa lugha hii italipiwa mwalimu, mkalimani, na pengine hoteli.

Na itafunzwa kwa kitu gani, kama si kwa yale tunayoandika sisi? Mashine ikija kuambiwa afya ya Igembe ikoje, itasoma takwimu ambazo nyingine nilizibonyeza chini ya mgomba, mvua ikinyesha, nimeifunika simu kwa leso. Mwalimu wa chekechea hulipwa. Mimi nimefundisha mwanafunzi anayekuja kupewa ofisi.

Dada yangu ni mhamasishaji vilevile, kule Mbeere, upande wa Ishiara. Nyumba zangu zimebanana mlimani, naweza kusikia ya pili nikiwa ya kwanza. Zake zimetupwa mbalimbali kama mtama uliopeperushwa, na katikati yake ni jua, mawe na mbuzi wa watu. Posho ni ileile. Nimemwambia asipeleke malalamiko, angoje kwanza nione ninyi mtaniweka daraja gani la mitambo.

Jambo lingine. Tangu bima ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya ile ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mtu asiye na payslipu huulizwa kuhusu nyumba yake, choo, maji na mifugo, kisha hesabu hupigwa huko ndani na mchango wake hutoka. Haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Maswali hayo mara nyingi husomwa na mdomo wa mtu kama mimi. Nyanya mmoja nilipomuuliza paa lake ni la nini, alinitazama kwa muda. "Kwani simu yako inatafuta nyumba ya kupanga?" Nikamwambia ni ya serikali. Akasema basi waje walale, wataona panapovuja. Mabati yale ni ya chama cha akina mama, zamu yake ilipofika, na upande mmoja hayakutosha. Simu ina nafasi ya mabati, haina nafasi ya chama. Nikabonyeza mabati. Akanipa uji.

Hesabu ikimtokea mtu kwa namna asiyoielewa, hapandi gari kwenda Nairobi kugombana na kompyuta. Ananingoja mimi kisimani. Kwa hiyo tayari ninafanya kazi ya mtambo: napokea lawama za uamuzi ambao sikuufanya. Nakosa cheti tu.

Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2018 kwamba watu wa kazi kama yetu walipwe kulingana na ugumu wa kazi, saa na mafunzo. Karatasi hiyo ilizungumzia binadamu. Labda ndiyo maana imekawia kusomwa.

Basi, kwa ajili ya daftari lenu la vifaa, maelezo yangu ni haya. Nilitoka kiwandani Kyeni mwaka 1979. Natembea juu ya aina zote za matope. Lugha: Kiembu, Kiigembe, Kiimenti cha sokoni, Kiswahili, na Kiingereza cha fomu. Nafanya kazi bila mtandao. Kumbukumbu yangu inabeba nyumba 100, pamoja na ile ambayo mwenyewe hunipokea mlangoni na hanikaribishi ndani tangu mwaka jana. Sababu yake naijua, na sijaiandika popote. Mapungufu: magoti, hasa nikishuka. Waranti iliisha nilipojifungua kitindamimba.

Nikikubaliwa, naomba nihudumiwe kila baada ya miezi sita, fundi aje mwenyewe, na nikiharibika kazini nisichukuliwe kwamba nilikuwa nikijitolea kuharibika. Vijiti vya kipima sukari vikiisha, hilo lihesabiwe kuwa hitilafu ya mfumo na si uzembe wangu. Uniform sidai, mitambo haivai.

Ningeandika zaidi, lakini kesho naamkia nyumba ya 63. Kuna mtoto huko ambaye Jumanne utepe ulisoma sentimita 11.8. Hiyo ni rangi ya manjano, nyekundu huanzia chini ya 11.5, na nataka kuona imeelekea wapi kabla mama yake hajatoka kwenda kuchuma majani chai.

Jibu likiwa tayari, tafadhali lije mchana. Usiku simu huwa nimeizima, natunza chaji.

Wako mtiifu, bado binadamu kwa sasa,
Mhamasishaji, Igembe