Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Ombi Dogo kutoka Magunga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,
Ulinzi House, Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: MADEREVA WALIOTOKA JESHINI NA KAZI YA TRELA

Naomba unigawie dakika chache kati ya zile unazozitumia kuilinda nchi. Najua mtu wa cheo changu hamwandikii waziri moja kwa moja. Huanza kwa koplo, akapanda kwa sajini, akangoja. Lakini sare nilishavua, Mheshimiwa, na huku Magunga mkubwa wangu wa karibu ni chifu, mtu mwema ambaye kwa bahati mbaya hana mamlaka juu ya malori.

Mimi ni mmoja wa wale mliowafundisha kuendesha. Tulianza Moi Barracks, Eldoret, kama kuruta wote, kisha wengine wakapewa bunduki kubwa na sisi tukapewa usukani. Sijasahau wema huo. Serikali ilinikabidhi lori, mafuta, viatu na imani yake yote. Ilinipakilia vitu ambavyo vikilipuka havibakizi dereva wa kuandika ripoti, ikaniambia niende, nikaenda. Oktoba 2011, majeshi yetu yalipovuka mpaka kuingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, mvua ilinyesha na njia za kuelekea Afmadow zikawa tope tupu. Magari yakazama. Madereva hawakuulizwa vyeti vya uzoefu siku zile. Walichimbua magurudumu, wakasonga, na mwaka uliofuata Kismayu ikachukuliwa. Si mimi wa kujisifu kwa hayo. Nayataja tu ili nisionekane ninaomba kitu nisichokijua.

Nilipostaafu nilidhani kazi inaningoja. Mwanajeshi huondoka kazini mapema, Mheshimiwa, wakati mwalimu wa umri wake bado ana miaka mingi ya kushika chaki. Karo bado inalipwa, mgongo bado una nguvu. Na upande huu wetu wa Homa Bay na Migori haukosi mizigo: omena na mbuta kutoka fuo za Gwassi na Karungu, mchanga na mawe ya ujenzi, sukari ya Awendo, na trela zinazoingia na kutoka Tanzania kwa mpaka wa Isebania. Nikachukua vyeti vyangu, pamoja na kile cha tabia njema, nikaenda kwa kampuni moja ya malori ambayo adabu hainiruhusu kuitaja.

Nilipokelewa vizuri sana. Kijana wa ofisini alinipa chai, akasoma cheti changu cha kuondoka jeshini hadi mstari wa mwisho, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akaniambia, kwa upole ambao siwezi kuulalamikia, kwamba walikuwa wanatafuta mtu mwenye uzoefu. Miaka ya jeshi, alisema, haihesabiki. Ili nisirudi nyumbani mikono mitupu, alinipa nafasi iliyokuwapo: kulinda lango ambalo malori yale hupitia. Nilimshukuru. Hata hivyo nilijiuliza ni vipi mtu aaminiwe kulinda lori usiku kucha na asiaminiwe kuliendesha mchana.

Simlaumu kijana yule. Anasoma karatasi alizopewa. Leseni zetu zimepangwa kwa ngazi: daraja C lina lori dogo, lori la kati, hadi CE, ambayo ni trela. Mpango huo ni mzuri, na anayepita barabara ya Isebania hadi Kisii usiku atauombea dua. Ombi langu halihusu kuruka ngazi. Naomba tu kwamba ngazi nilizokwisha kuzipanda nikiwa na sare zisihesabiwe kana kwamba sikuzipanda.

Na kwa kuwa ni vibaya kumwandikia mkubwa nusu ya ukweli, nakiri kwamba jeshi halifundishi kila kitu. Katika msafara wa jeshi kuna kamanda mbele, fundi nyuma na mafuta yaliyokwisha kulipiwa. Dereva wa trela yuko peke yake na tanboi wake. Jeshini hakuna aliyeniuliza uzito wa kila ekseli. Huku uraiani sheria ya Afrika Mashariki inataka gari la ekseli saba lisizidi tani 56, na mizani ya Rongo haijali ulipigana wapi. Kuna karatasi za forodha. Kuna tajiri anayepiga simu saa nane za usiku kuuliza umefika wapi, na ambaye, tofauti na kamanda, hukata mshahara badala ya kufoka. Kuna njaa ya kulala barabarani bila posho. Mambo haya hufundishika, na mtu aliyezoea kuamka alfajiri, kukagua matairi na kutii amri huyashika upesi.

Niruhusu nitaje mataifa mengine, si kwa kukufundisha bali kwa kukukumbusha uyajuayo. Marekani, tangu mwaka 2011, sheria ya shirikisho inaruhusu majimbo kumsamehe mtihani wa barabarani mwanajeshi aliyeendesha magari mazito jeshini kwa miaka miwili au zaidi bila doa. Uingereza ilipopungukiwa na madereva wa matangi ya petroli mwaka 2021, serikali iliwaita askari wapatao 200 kusaidia kusambaza mafuta. Wenzetu, kwa hiyo, wameshaamua kwamba usukani wa jeshi ni usukani.

Hata sisi hapa jambo hili si geni. Katika Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Afrika Mashariki waliendesha malori ya jeshi kutoka Kenya hadi Abisinia mwaka 1941, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua na matope. Waliporudi, ndoto ya wengi wao ilikuwa lori: kulinunua, au angalau kuliendesha. Serikali ya wakati ule ilikuwa ya mkoloni, na hatukutarajia itusikilize sana. Ya sasa ni yetu, ndiyo maana nathubutu kuandika.

Najua vizuri kwamba mwaka 2022 nchi ilipata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu. Tulifurahi, tukajiona tumekumbukwa. Ninachoomba sasa hakihitaji sheria mpya, jengo jipya wala uzinduzi wenye mahema na ngoma. Kinahitaji matembezi. Ulinzi House iko Hurlingham. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ina ofisi zake Upper Hill. Mtu akitoka moja kwenda nyingine kwa miguu hafiki akiwa amechoka. Sisi wa Magunga, kufika katika ofisi yoyote kati ya hizo mbili hutuchukua siku nzima na nauli ya kukopa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu wote naomba mambo matatu. Kwanza, cheti cha dereva anayeondoka jeshini kitaje wazi aina ya magari aliyoendesha, kwa miaka mingapi, na kama aliwahi kupata ajali. Pili, NTSA ikubali miaka hiyo kama uzoefu wa daraja linalolingana nayo. Tatu, kabla askari hajavua sare, apewe mafunzo mafupi ya mizani, forodha na kazi ya trela, na mtihani wa mwisho afanye kama raia mwingine yeyote. Akishindwa, ashindwe kwa haki.

Ukiona ombi hili halifai, nitalipokea jibu lako kwa saluti. Ukiliona linafaa, tafadhali usilipeleke kwa kamati. Lipeleke Upper Hill.

Wako mtiifu daima,

Dereva mstaafu wa jeshi,
Magunga, Suba Kusini.

Nakala: Waziri wa Barabara na Uchukuzi, kwa heshima hiyo hiyo.