Sifa za Novemba ya Kagunga

Anayetaka kufika Kagunga, kijiji cha ufuo wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kwa mara ya kwanza huulizia wiki nzuri, na wote anaowauliza humjibu mamoja: njoo kiangazi. Julai, Agosti, ikizidi sana Septemba. Njia za mlimani zimekauka, nguo zinakauka, boti inaondoka siku iliyosemwa. Novemba haina wa kuisemea. Hutajwa kama shemeji mlevi: ni wa kwetu, hatumkani, lakini mgeni asimkute sebuleni.

Basi mimi nimejitolea kuwa wakili wake. Nausifu mwezi wa Novemba kwa utelezi wake, kwa boti yake isiyoondoka, kwa wadudu wake wanaoogelea kwenye chai, na kwa godoro jipya linaloshushwa Kagunga likiwa limeshiba maji.

Nianze na ukoo, maana asiye na ukoo hasifiwi. Watu wa pwani wana mvua mbili, vuli na masika, na katikati wanapumua. Sisi wa Kigoma, ukiondoa wenzetu wa Kibondo na Kakonko, Mamlaka ya Hali ya Hewa imetuweka kwenye mvua za msimu: mvua moja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, ambayo mwaka mwingine hutanguliza mguu Oktoba na kukawia kuaga Mei. Katika familia hiyo Novemba ndiyo kifungua mimba. Aprili hurithi ardhi iliyokwisha kuloa, kazi yake ni kuendeleza. Novemba hukuta vumbi la miezi mitano na hulishughulikia peke yake, kwa alasiri chache, bila kuomba radhi.

Wala chuki dhidi ya mwezi huu si yetu peke yetu. Anayekwenda Italia kwa mara ya kwanza naye huambiwa achague Septemba, au Oktoba ya mwanzo wakati zabibu zinavunwa, na aiogope Novemba. Kwa upande wa Venice nakiri wana ushahidi: tarehe 12 Novemba 2019 maji ya bahari yalipanda hadi sentimita 187, na uwanja wa Mtakatifu Marko ukawa bwawa. Lakini maji ya Venice yana adabu, huja na kurudi. Ziwa Tanganyika lilipoanza kupanda mwaka 2020 liliingia kwenye nyumba na mialo ya ufuo wa Kigoma na halikuonyesha dalili ya kuwa na safari nyingine.

Sasa matendo. Safari mashuhuri kuliko zote katika ufuo huu haikufanywa kiangazi, na walioifanya hawakuchagua wiki. Hata tarehe ilikuwa imewapotea. Mpelelezi Livingstone aliingia Ujiji mwishoni mwa Oktoba 1871, mgonjwa, akakuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta, akamfuata. Kwa maandishi ya Stanley walikutana tarehe 10 Novemba. Ukifuata hesabu ya Livingstone, ilikuwa bado Oktoba. Homa zilikuwa zimewalia siku, kila mmoja kwa kiasi chake. Hebu mtafute leo mpanga safari akwambie wiki bora kwa wateja wawili wasiojua wako mwezi gani.

Na hawakungoja mvua ipite. Mwezi huohuo, baada ya kula na kupata nguvu kidogo, walipanda mtumbwi wakaambaa na ufuo kwenda kaskazini, ufuo huuhuu wenye Gombe na Kagunga, mpaka mdomo wa mto Rusizi. Wapelelezi Burton na Speke, walioliona ziwa Februari 1858, walifika Uvira na kurudi bila kuuona mdomo wenyewe, na tangu hapo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakizozana kama mto huo unatoka ziwani kwenda kuwa Nile. Stanley na Livingstone wakaenda kutazama. Mto unaingia. Wakazi wa kule walikuwa wakisema hivyo siku zote, lakini ilibidi wazungu wawili waloane kwanza ndipo ikawa elimu.

Tendo la pili ni kubwa zaidi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960, wiki ambazo mshauri yeyote angezisifu. Sokwe wakamkimbia. Kiangazi chote kikaisha akiwaona kwa mbali, kwa darubini, huku yeye na mama yake wakipigwa na malaria na fedha za utafiti zikiwa za miezi sita tu. Mvua ilipokaribia mambo yakageuka. Tarehe 30 Oktoba alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akila nyama, na tarehe 4 Novemba akamkuta kwenye kichuguu, anachomeka ubua wa jani, anautoa umejaa mchwa, anawala. Kwa nini siyo Julai? Kwa sababu ni mvua za kwanza zinazowasogeza mchwa karibu na uso wa kichuguu, wakijiandaa kuruka. Kwamba mnyama asiye binadamu huweza kutengeneza zana yake mwenyewe, dunia ilifundishwa na Novemba. Kiangazi hakina hata hisa moja.

Mchwa haohao, wakishaota mbawa na kuwa kumbikumbi, ndio wanaokuvamia Kagunga ukiwasha taa jioni. Mgeni hupiga kelele. Mtoto wa nyumbani huleta beseni la maji, huliweka chini ya taa, na baada ya muda mama huwapepeta mbawa, huwakaanga kwa chumvi bila mafuta, maana mafuta wanayo ya kwao. Maembe nayo yameiva wakati huohuo. Nitajieni kiangazi kinacholeta kitoweo na tunda mpaka mlangoni.

Mahasidi watasema: na boti? Haya, tuiseme boti. Boti za Kagunga huondokea Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji wa Kigoma, mchana, zikiwa na magunia ya unga, kreti za soda, madumu ya mafuta, magodoro na abiria juu ya vyote hivyo. Novemba saa ya kuondoka ikifika, nahodha hatazami saa, anatazama ng'ambo.

"Nahodha, tunaondoka au tunalala?" anauliza mama mmoja mwenye kuku.

"Mama, Kongo bado inanyesha. Wamalize ya kwao, tuone kama watatuletea."

Wanaleta. Turubai linavutwa, watu hamsini wanakuwa familia. Maji yanajikusanya katikati ya turubai, tumbo linashuka mpaka kwenye vichwa, ndipo kijana mmoja analisukuma kwa mpini wa kasia na mzigo wote wa maji unamwagikia mtu wa pembeni, ambaye kila safari ni yule aliyevaa vizuri. Katika kungoja huko unapata bei ya mawese ya wiki hii, unasikia nani ameoa Nyanza-Lac, kule Burundi, na mahari imelipwa kwa faranga au kwa shilingi, unaonjeshwa embe la mtu usiyemjua. Abiria wa Julai huondoka kwa wakati, akafika kwa wakati, hajui jina la yeyote.

Na Julai yenyewe tuikague. Upepo wa kusini huvuma miezi hiyo na kulichafua ziwa, ila wanaoisifu Julai hawautaji. Nyika zinachomwa, moshi unatanda, milima ya Kongo inapotea kabisa. Mgeni hupiga picha ya ziwa lisilo na upande wa pili na kudhani ni bahari. Mvua mbili za Novemba zikishanyesha, asubuhi yake unaiona milima yote, mpaka mikunjo yake. Kisha kuna suala la mlo. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ni jambo la busara, sipingi. Lakini aliyechagua "wiki bora" mwaka ule alikula maharage ufukweni mwa ziwa lenye kina cha mita 1,470. Novemba migebuka wapo, na dagaa pia. Tena jua likikosekana la kuwaanika mchangani, wanaliwa wabichi, kwa mawese na ugali wa muhogo. Ukitaka kuona taa za wavuvi zimejaa ziwani, usiulize kalenda, uliza giza: mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa, na wavuvi wanabaki kushona nyavu.

Kuna wageni wa Kagunga ambao siwezi kuwatania. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walivuka mpaka wakajaa kwenye ukanda ule mwembamba chini ya mlima, kipindupindu kikawafuata, na MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawasomba kwa mamia kwenda Kigoma, na kutoka hapo kwenye kambi ya Nyarugusu. Hao hakuna aliyewaambia mwezi gani ni mzuri. Wenyeji waliogawana nao maji na vyoo hawakuwa na muda wa kutazama mawingu.

Limebaki shitaka la malaria na la utelezi. La malaria nakubali, leta chandarua. La utelezi ni uzushi wa watu wa viatu vya mjini. Vua, shika fimbo, panda.

Na anayesoma haya yote akashikilia Julai, sina ugomvi naye. Apande boti Kibirizi, avae sweta la upepo, aitazame Kongo isiyoonekana. Ikiwa ni mwaka wa kufunga ziwa, anunue samaki wa kopo mjini kabla hajaondoka, na anunue wengi kidogo, kwa sababu wenyeji wake watawaomba.